Visanduku Viwili, Uzito Mmoja

Baadhi ya programu za kukokotoa dozi huonesha uzito wa mtoto katika visanduku viwili: kimoja cha kilo, kingine cha ratli. Mhudumu akijaza kimoja, kingine hubadilika chenyewe. Visanduku hivyo visipolingana, hatari huwa kubwa. Kwa kipimo cha parasetamoli cha miligramu 15 kwa kila kilo, mtoto wa ratli 12, yaani kilo 5.44, hustahili takriban miligramu 82. Namba hiyo 12 ikichukuliwa kuwa kilo, dozi hufika miligramu 180, zaidi ya maradufu.

Njia inayomjia kwanza mtunzi wa programu ni kuviamuru visanduku vibadilishane taarifa moja kwa moja. Hapo huzuka matatizo mawili. Kwanza, badiliko la kilo huamsha badiliko la ratli, nalo huamsha tena la kilo, na mzunguko huweza kuendelea bila kikomo. Pili, namba hupotea katika makadirio. Kilo 12.0 ni ratli 26.46, zikikadiriwa kuwa 26 kisha zikageuzwa tena, hurudi kilo 11.8. Mhudumu hukuta uzito alioandika umebadilika bila yeye kuugusa.

Tiba yake ni kuhifadhi thamani moja tu ya uzito, kwa usahihi wake wote, nje ya visanduku. Kila kisanduku huwa dirisha la kuitazama thamani hiyo, na makadirio hufanywa wakati wa kuionesha tu. Trygve Reenskaug alieleza utenganisho wa namna hii mwaka 1979, alipokuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani.

Kanuni tatu hukamilisha kazi. Programu inapojaza kisanduku yenyewe, badiliko hilo lisihesabiwe kuwa la mtumiaji. Kisanduku kinachoandikwa kisibadilishwe kabla mwandishi hajamaliza. Tena, kisanduku kimoja kikifutwa au kikiwa na maandishi yasiyo namba, kingine nacho kifutwe pamoja na dozi iliyokokotolewa. La sivyo, uzito wa mgonjwa aliyetangulia huweza kubaki kwenye skrini na kumpimia dawa mtoto mwingine.