Mwalimu Mbadala Katika Nchi ya Ugeni

Chuoni tunawazoeza wanachuo kuandaa somo kwa darasa wanalolijua. Mwalimu mbadala hana bahati hiyo. Yeye huingia darasani kwa siku moja au mbili tu, mwenye darasa anapougua au anapohudhuria semina. Kwa mwalimu wa Tanzania aliyehamia England pamoja na familia yake, huenda huu ndio mlango wa kwanza wa kurudia kazi yake. Yafaa tuueleze jinsi ulivyo.

(a) Hati

Kwanza, ni lazima awe tayari na kibali cha kufanya kazi nchini humo, kwani kazi ya siku mbili tatu haimpatii mtu viza. Pili, atadaiwa cheti cha DBS, kinachoonyesha kama ana rekodi ya jinai, pamoja na hati ya polisi ya nchi alikotoka. Tatu, vyeti vya ualimu. Hadhi kamili ya ualimu ya England, ijulikanayo kwa herufi QTS, hudai shahada. Kwa hiyo stashahada peke yake haitoshi. Hata hivyo, mwalimu aliyefuzu ng'ambo aweza kufundisha katika shule za umma zilizo chini ya halmashauri kwa muda usiozidi miaka 4 bila ya hadhi hiyo. Nafasi nyingi hupatikana kwa mawakala wa walimu, ambao huweza kumpigia simu asubuhi ile ile anayohitajiwa.

(b) Nidhamu

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tanzania Bara kanuni za viboko zingalipo. England viboko vilikomeshwa katika shule za umma mwaka 1987, na katika shule za binafsi mwaka 1999. Mwalimu akimchapa mtoto hata kofi moja, aweza kupoteza kazi na kushtakiwa. Basi atatawala darasa kwa nini? Kwa maandalizi. Afike mapema, aulize utaratibu wa shule kuhusu tuzo na adhabu, kisha awaambie watoto waandike majina yao kwenye karatasi zilizokunjwa na kuzisimamisha mezani. Mtoto aitwaye kwa jina lake hutulia upesi.

(c) Kusoma

Kwetu mtoto huanza na ba, be, bi, bo, bu, na herufi a hubaki na sauti ile ile daima. Katika Kiingereza herufi hiyo husikika tofauti katika maneno "cat", "cake" na "call". Kwa sababu hiyo watoto wa miaka mitano na sita hufundishwa sauti kwa mpango maalumu, na tangu mwaka 2012 upo upimaji wa kitaifa wa stadi hiyo. Mwalimu mgeni aombe mpango wa shule na kuzifanyia mazoezi sauti zenyewe kabla ya kuzifundisha.

(d) Somo la akiba

Huenda mwenye darasa hakuacha maagizo. Mwalimu asikose somo moja lake mwenyewe, linalohitaji ubao na karatasi tu: hadithi fupi yenye maswali, au kupima urefu wa meza kwa shibiri na kulinganisha majibu.

Ndugu mwanachuo, usidhani haya ni ya wasafiri peke yao. Kesho mwalimu mkuu aweza kukukabidhi darasa la mwenzako lenye watoto themanini usiowajua. Ukizoea sasa kuingia darasani na somo lililo tayari, fimbo hutaihitaji, ugenini wala nyumbani.