Nguvu, Umeme na Uzito: Maneno Matatu Yanayomtesa Mwanafunzi wa Fizikia

Mwanafunzi wa sekondari akishindwa kuelewa kani na umeme, mara nyingi fizikia kwake ndo basi tena. Ataibeba mpaka siku atakayoruhusiwa kuiacha, kisha ataiacha. Sisi tunaosomea ualimu hapa Tunguu tukiulizwa sababu tunazo tatu za haraka: maabara hazina vifaa, hesabu ni ngumu, Kiingereza ni kigumu. Zote zina ukweli wake. Lakini ipo sababu nyengine ambayo haizungumzwi sana, na dawa yake haihitaji bajeti ya mtu. Mwanafunzi anaingia darasani na maneno aliyoyakuta nyumbani, na maneno hayo hayo kwenye fizikia yanatakiwa kufanya kazi nyengine kabisa. Mwalimu asipoyatenganisha, mtoto atakariri fomula na atabaki na fikra zake zile zile.

Nitayaeleza maneno matatu: umeme, nguvu na uzito.

Umeme umekwisha: kipi kilichokwisha?

Sikiliza tunavyosema majumbani. Umeme umekatika. Leo umeme mdogo. Umeme umekwisha, nenda kanunue. Umeme umemrusha fulani. Neno ni moja, mambo ni manne. Umeme ukikatika, kilichokosekana ni volteji, yaani msukumo unaozifanya chaji ziende. Umeme ukiwa mdogo, volteji ipo lakini imeshuka. Umeme wa Tukuza ukikwisha, kilichokwisha ni uniti, na uniti ni kipimo cha nishati uliyoilipia. Na mtu akirushwa na umeme, kilichomdhuru ni mkondo uliopita mwilini mwake.

Sasa mwalimu anaingia na kuandika V = IR. Yeye anaona vitu vitatu tofauti: volteji, mkondo na ukinzani. Mwanafunzi anaona herufi tatu, na mbili kati ya hizo kichwani mwake zina jina moja tu, umeme. Atakokotoa vizuri na atapata alama, na hatajua amekokotoa nini.

Ukitaka kuhakikisha, chora ubaoni betri, globu na nyaya mbili. Uliza: mkondo unaorudi kwenye betri baada ya kupita kwenye globu ni mdogo kuliko ule ulioingia, au ni sawa? Jibu la kawaida ni kwamba ni mdogo, kwa sababu globu imekula kidogo. Wala tusidhani ni ujinga wa watoto wetu. Miaka ya 1980 mtafiti Roger Osborne aliwahoji watoto wa New Zealand, nchi yenye lugha na skuli tofauti kabisa na zetu, akakuta fikra hii hii.

Jibu la fizikia ni kwamba mkondo ni ule ule, kabla ya globu na baada ya globu. Kinacholiwa ni nishati. Mfano mzuri ni mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedeli, mnyororo unapeleka nishati kwenye gurudumu la nyuma, lakini hakuna hata pingili moja ya mnyororo inayobaki huko. Zote zinarudi. Na gurudumu halisubiri pingili itoke kwenye pedeli ndipo lianze kuzunguka, kwa sababu mnyororo umejaa njia nzima na unakwenda wote kwa pamoja. Ndiyo maana ukibonyeza swichi taa inawaka papo hapo. Elektroni zilikuwemo kwenye waya tangu mwanzo.

Kama huna baiskeli, tumia kamba. Funga ncha zake iwe duara, wanafunzi kumi wasimame waishike kwa kulegeza vidole. Mmoja aivute izunguke. Huyo ndiye betri. Mwengine aibane kidogo mkononi. Huyo ndiye globu. Baada ya muda aliyebana atasema mkono unapata moto. Muulize darasani: kamba imepungua? Haikupungua. Moto umetoka wapi? Kwa yule anayevuta. Abane zaidi, na kamba nzima itakwenda polepole, si upande wake tu. Hapo umeshafundisha ukinzani bila kugusa chaki. Tahadhari moja: tumia kamba laini ya kuanikia nguo. Ya usumba itawachubua watoto wa watu.

Waya wa Fumba kama somo

Kwa mwalimu wa Unguja mfano mkubwa zaidi uko chini ya bahari. Umeme wetu unatoka Tanzania Bara, Ras Kiromoni, kwa waya unaopita baharini mpaka Fumba. Waya wa kwanza uliwashwa mwaka 1980, wa pili mwaka 2013. Kati ya hapo ulitokea mkasa ambao wanafunzi wa leo hawaukumbuki lakini wazazi wao hawajausahau: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa hitilafu kwenye njia hiyo. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mei 2008, umeme ulikuwa umekatika tena kwa takriban mwezi mmoja.

Waulize wanafunzi: miezi ile mitatu, kwenye nyaya za nyumba zetu elektroni zilikuwemo au hazikuwemo? Wengi watasema hazikuwemo, zimekwama Bara. Zilikuwemo zote. Waya wa shaba una elektroni zake siku zote, hata ukiwa dukani umeviringishwa. Kilichokosekana ni volteji ya kuzisukuma. Na umeme wa gridi ni wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde, kwa hivyo hata siku ya kawaida elektroni hazisafiri kutoka Ras Kiromoni kuja kutuwashia taa Tunguu. Zinatikisika pale pale zilipo. Kinachovuka bahari ni nishati, na hiyo ndiyo tunayoinunua.

Basi chukua hesabu ya nyumbani. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Jagi la umeme la kuchemshia maji lenye wati 2,000 linaimaliza uniti moja kwa nusu saa. Globu ya LED ya wati 10 itaitumia kwa saa 100. Mtoto aliyeishika hesabu hii ataweza kumweleza mama yake kwa nini kuzima taa hakusaidii kitu kama jagi linachemka mara sita kwa siku.

Waya ule unabeba volti 132,000, wakati soketi zetu ni volti 230. Mwanafunzi atauliza kwa nini kuhangaika na volteji ya hatari namna hiyo. Ni kwa sababu nishati ile ile inaweza kupelekwa kwa volteji kubwa na mkondo mdogo, au kinyume chake, na kinachoupasha waya moto ni mkondo. Ukipandisha volteji mara 10, mkondo unaohitajika unashuka mara 10, na nishati inayopotea kwa joto njiani inashuka mara 100. Mwanafunzi anayeuita mkondo na volteji kwa jina moja hawezi kuielewa sentensi hiyo hata ukiirudia mara saba.

Hapa pia pana usalama wa maisha. Vifaa vya kinga vinavyofungwa majumbani kukata umeme unaovuja kwa kawaida huwekwa vikate kwenye miliamperi 30. Globu ya wati 10 kwenye soketi ya volti 230 inavuta kama miliamperi 43. Maana yake, mkondo unaotosha kuwasha taa moja ndogo unaweza kuwa hatari ukipita mwilini. Betri ya tochi haimrushi mtu kwa sababu volti 1.5 haiwezi kusukuma mkondo wa kutosha kwenye ngozi. Soketi inaweza, na ngozi ikiwa na maji ndiyo zaidi, kwa kuwa ukinzani wake umeshuka. Kwa hivyo majaribio yote darasani yawe ya betri, na soketi isiguswe kwa jaribio lolote.

Nguvu ya kete

Neno la pili ni nguvu. Kwa Kiswahili cha barazani, nguvu ni ya mtu mwenye misuli, ya injini, ya dawa, ya serikali, ya umeme. Fizikia inataka tutenganishe kani, nishati na uwezo wa kufanya kazi kwa kila sekunde. Kamusi za sayansi za Kiswahili zimetupa neno kani, lakini darasani halisikiki, na kila kitu kinabaki kuwa nguvu.

Tatizo linaonekana kwenye keram. Mchezaji anaipiga kete kwa kidole, kete inateleza. Uliza: baada ya kuachana na kidole, ikiwa njiani, kete ina kani gani inayoisukuma mbele? Darasa litajibu, nguvu ya kidole, na inapungua kidogo kidogo mpaka inakwisha, ndo maana kete inasimama. Jibu hilo lina mantiki yake, na wakubwa waliwahi kulifikiria. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza kwamba kitu kinachorushwa hupewa na mrushaji mwelekeo fulani unaobaki ndani yake, na kwamba bila kizuizi usingekwisha. Ilichukua karne nyingi mpaka Newton, mwaka 1687, alipoliweka jambo hilo kwa namna tunayoifundisha leo.

Jibu la leo ni kwamba mbele hakuna kani. Kidole kikishaachana na kete, kani ya kidole imekwisha pale pale. Iliyobaki ni ya nyuma: msuguano wa ubao. Kete haisimami kwa kuishiwa nguvu, inasimamishwa. Ushahidi uko pale pale kwenye ubao. Nyunyiza poda, piga kwa kadiri ile ile, na kete itakwenda mbali zaidi. Kama ni nguvu ya kidole iliyomo ndani ya kete, poda imeiongezaje? Iache darasa libishane hapo. Kisha wapeleke ufukweni kwa fikra: ngalawa juu ya mchanga, ukiacha kuisukuma imesimama, ngalawa ile ile majini, ukiisukuma na kuiachia inaendelea. Sasa waulize, je, msuguano ungekuwa sifuri kabisa? Watakaposema isingesimama, wamejitamkia wenyewe sheria ya kwanza ya Newton.

Na daladala ikifunga breki? Abiria husema breki imetusukuma mbele. Hakuna kilichowasukuma. Daladala imepunguzwa mwendo, wao miili yao imeendelea na mwendo ule ule mpaka ikakutana na kiti cha mbele. Kani inahusika na kubadilika kwa mwendo, si na mwendo wenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo F = ma inalisema, na ndilo linalopotea tukikimbilia kukokotoa.

Kilo moja ya mchele

La tatu ni fupi. Sokoni uzito wa mchele ni kilo moja, na hakuna ugomvi. Fizikia inasema kilo ni tungamo, wingi wa mada iliyomo kwenye mchele. Uzito ni kani ambayo dunia inauvuta mchele huo, na kwa kilo moja ni takriban niutoni 10. Mwezini mchele ule utakuwa na uzito wa kama moja ya sita, lakini ukiupika unashibisha watu wale wale. Usimwambie mwanafunzi kwamba muuza duka anakosea. Mwambie sokoni neno lina kazi yake, na darasani lina kazi nyengine.

Dakika kumi za mwanzo

Nikilizungumza hili na wenzangu, hupata pingamizi mbili. Ya kwanza: masomo yote haya ni kwa Kiingereza, na mtihani ni kwa Kiingereza. Ni kweli. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hata sayansi ya msingi ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Lakini mtoto anayeamini globu inakula mkondo ataendelea kuamini hivyo kwa lugha yoyote. Kwanza atoe fikra zake kwa lugha anayofikiria, zipimwe, zirekebishwe. Kisha andika ubaoni majina ya Kiingereza kando ya mkondo, volteji, kani na tungamo, na ayafanyie mazoezi. Atakuwa anajifunza jina jipya la kitu anachokijua.

Ya pili: mtaala mrefu, muda hakuna. Hapo tumsikilize Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Arizona walichapisha jaribio la maswali ya kani yasiyo na hesabu. Mazur akawapa wanafunzi wake, akiamini watayamaliza kwa urahisi. Wengi waliokuwa wakikokotoa maswali magumu walishindwa yale mepesi, na mmoja akauliza ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Ikiwa Harvard pana pengo kati ya hayo mawili, sisi tusijidanganye kwamba kumaliza mtaala kunaliziba.

Kwa hivyo we unayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, usianze kipindi na fomula. Dakika kumi za mwanzo uliza swali moja, wanafunzi wabashiri kwa kunyoosha mikono, andika hesabu ya mikono ubaoni bila kumcheka mtu, kisha fanya jaribio mbele yao. Betri mbili, globu ya tochi, waya, kamba ya nguo, ubao wa keram wa kuazima barazani. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja, ukiuacha huo ubao tu.