Kuutembelea Msimbazi nyumbani kwake

Viatu vyangu vya Pugu haviruhusiwi kuingia sebuleni. Vinakaa nje, juu ya tofali, na mwenye macho akivitazama anaweza kukisia tuko mwezi gani. Vikiwa na vumbi jeupe kama unga wa muhogo, ni kiangazi. Vikiwa vimevimba kwa tope jekundu lililokauka mpaka kwenye kamba, masika yamekolea. Kuna miezi michache ya katikati ambapo vinarudi nyumbani vikiwa safi, hata majirani wananiuliza kama kweli nilitembea au nilikaa kwa mama lishe nikinywa supu.

Kila msimu nahakikisha nimepanda Pugu walau mara moja. Vijana wa mjini wana jina la kizungu la mchezo huu, na sare zake. Sisi wengine tunaita kutembea. Unapanda daladala ya Gongo la Mboto, unaunganisha ya Kisarawe, mnapita Pugu Kajiungeni, barabara inaanza kupinda na kupanda, halafu upande mmoja nyumba zinakatika ghafla. Ndio msitu huo. Ukiunganisha Pugu na Kazimzumbwi unapata zaidi ya hekta 7,000 za hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), mahali ambapo kutoka Kariakoo ungeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana kama si foleni. Hata hivyo, mtajie mtu wa Dar Pugu, atakuambia mnada wa ng'ombe.

Wazee wangekuambia jambo jingine. Barabara ya Nyerere, ile inayopita uwanja wa ndege, zamani ilikuwa Barabara ya Pugu. Ikabadilishwa jina kwa heshima ya mtu aliyefundisha kule kule inakoelekea: Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha chaki na kushika siasa za TANU. Inasimuliwa kwamba mikutano mingine ya mjini aliifuata kwa miguu. Nikifika Kajiungeni nimechoka kusimama kwenye daladala, huwa nalikumbuka hilo na kujionea aibu kidogo.

Lakini mimi kilichonipeleka Pugu si Mwalimu wala ndege wala miti. Ni Msimbazi. Naishi Magomeni, na mtu wa Magomeni anaujua mto huu kama anavyomjua mkwe mkorofi: anajua utakuja, hajui lini. Unapita Jangwani ukiwa mweusi na mzito, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na mvua ikizidi unaifunga Barabara ya Morogoro kama aliyefunga mlango wake. Siku moja nikajiuliza mto huu kwao ni wapi. Kumbe kwao ni vilima vya Pugu.

Mara ya kwanza nilienda Julai, wakati wa kipupwe, kama waendavyo karibu wote. Kusi inavuma, jasho halitoki, njia ni kavu na majani bado mabichi. Huo ndio msimu wa vikundi: fulana za rangi moja, spika begani, picha kila baada ya hatua kumi. Siwalaumu, hali ya hewa ni tamu. Ila spika ile inamkimbiza sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, mwekundu mbele na mweusi nyuma, anayepekua majani makavu akitafuta wadudu. Usipokuwa kimya utasikia tu mchakacho, ukigeuka hayupo. Na kuna mwingine ambaye sijamwona kabisa: komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Amebaki katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na Pugu na Kazimzumbwi ni miongoni mwa vipande hivyo. Hutoka usiku, sisi tukiwa tumeshapanda daladala.

Siku hiyo ya Julai muongozaji wetu, kijana wa Kisarawe, alinishusha kwenye bonde lenye kivuli kizito akanionyesha maji. Kijito chembamba kilichokuwa kinapita juu ya mchanga mweupe, maji maangavu kiasi kwamba jani lililozama lilionekana mishipa yake. Nikamwambia mvua ilikatika Mei. Akajibu, "Ndiyo, hii ndiyo ya Mei. Bado inashuka."

Nilichukua muda kuelewa alichosema. Vilima vya Pugu ni mawe ya mchanga yaliyochanganyika na udongo mweupe wa kaolini, ule unaotumika kutengeneza vyombo vya kauri na karatasi, na ambao ulichimbwa hapo hapo. Juu yake msitu umetandika majani, mizizi na mboji. Mvua ikinyesha haifiki chini kwa kishindo. Inapiga kwanza majani ya juu, inateremka kwa mashina, inanyonywa na mboji, inazama. Halafu inatoka bondeni taratibu, wiki hata miezi baadaye.

Mashimo ya uchimbaji wa kaolini yapo bado, na siku hizi wenyeji wake ni popo. Jioni hutoka kwa maelfu, harufu yao ikiwa imetangulia zamani. Wenzangu hupenda kuingia ndani na tochi. Mimi huishia mlangoni. Tangu ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023, na ikijulikana kwamba popo wa mapangoni ndio wanaohusishwa na virusi vyake, udadisi wangu umekuwa na mipaka.

Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, sikishauri kwa mtu yeyote isipokuwa asiyeweza kulala. Joto linaanza saa mbili asubuhi. Vumbi la kaolini linaingia puani. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wanakatiza juu ya barabara wakila wadudu, na wao tu ndio wenye furaha. Hata hivyo ni wakati huo ndipo mtu anapoyaona mashina vizuri, kwa sababu baadhi ya miti imepukutisha majani, na ndipo nilipoonyeshwa msandarusi. Utomvu wake ulioganda, hasa ule uliolala ardhini karne na karne, ulichimbwa katika nchi hii ya Wazaramo karne ya 19, ukapelekwa Unguja kusafishwa na kuuzwa, na mwingine ukafika mpaka Salem, Marekani, kutengenezea vanishi ya samani. Mti huo leo haumshtui mtu, lakini wateja wa Pugu wamekuwa wakitoka mbali siku nyingi.

Wateja wa karibu ndio walioumiza zaidi. Watafiti walioufuatilia ukataji wa miti kuzunguka Dar kati ya mwaka 1991 na 2005 waliukuta unakwenda kama mawimbi: mbele kabisa wavunaji wa mbao za thamani, wakisogea takriban kilomita 9 kila mwaka kutoka jijini, nyuma yao wa mbao za kawaida, na nyuma ya wote wachoma mkaa. Pugu iko mlangoni mwa jiji, kwa hiyo mawimbi yote matatu yaliipitia mapema. Ukitembea utakutana na miti myembamba iliyosongamana, yenye umri wa kijana, na katikati yake kisiki kikubwa kimeoza. Nisingependa msomaji aende akidhani atakuta msitu wa kwenye kalenda. Ni msitu unaopona, tena polepole.

Vuli nayo ina ahadi nyingi. Oktoba inaisha, Novemba inaingia, watu wanaangalia mawingu. Mvua ya kwanza ikishuka, jioni kumbikumbi wanajaa kwenye taa za Kisarawe na watoto wanakimbia na ndoo. Msituni kila kitu kinanukia. Wengi huiona vuli kama mvua ndogo, na miaka mingi ni hivyo, lakini mafuriko makubwa yaliyowaondoa watu bonde la Msimbazi na kuwapeleka Mabwepande yalitokea Desemba 2011, si Aprili.

Halafu masika. Nyumbani wakiniona natoa viatu mwezi Aprili, hunyamaza kwanza, kisha husema, "Haya, salamu kwa nyoka." Aprili peke yake huweza kuleta zaidi ya milimita 200 za mvua. Vikundi vya fulana havipo. Getini askari wa misitu alinitazama kana kwamba nimepotea njia.

Kijana wa Kisarawe aliniambia, "Kaka, masika hatuangalii juu, tunaangalia chini." Chini kulikuwa na kazi kweli. Jongoo wanene kama kidole gumba walivuka njia bila haraka. Siafu walikuwa wamehama mashimo yaliyojaa maji na kutanda kama kamba nyeusi, tukawaruka kwa mbio huku tukijipapasa miguuni. Uyoga ulikuwa umeota kwenye kila gogo. Tuliteleza, tukashika matawi.

Kwenye saa tano mvua ilianguka. Tuliisikia muda mrefu kabla ya kulowa. Juu kulikuwa na kishindo kama cha lori linalomwaga kokoto, na sisi chini tulikuwa bado wakavu, tukipata tone moja moja kubwa shingoni. Nikamwomba twende kwenye kile kijito cha Julai. Nilitaka kukiona kikifura. Tulikaa pale chini ya mwavuli wake uliovunjika mbavu moja, nusu saa nzima, mvua ikipiga. Kilipanda upana wa kiganja labda. Maji yakawa na rangi kidogo, kama chai iliyotiwa majani machache. Nilipochoka kusubiri, nilikivuka kwa hatua moja.

Tulipotoka kwenye ukingo wa hifadhi, upande wenye viwanja vilivyofyekwa na barabara za vumbi, hali ilikuwa nyingine. Makorongo yalikuwa yananguruma. Maji mekundu, mazito, yamebeba mchanga, chupa, kandambili moja, yakikimbia kana kwamba yamechelewa. Mvua ilikuwa ile ile na saa ilikuwa ile ile. Kutoka hapo hadi stendi nilitembea ndani ya tope mpaka vifundoni.

Jioni nilipanda daladala nyingine Kariakoo kurudi Magomeni, tukafika karibu na Jangwani tukasimama. Mbele askari wa usalama barabarani walikuwa wamezuia magari. Abiria walifungua madirisha kuchungulia. Mto ulikuwa umetoka kitandani, umetanda kote.

"Maji ya Pugu hayo," akasema mama mmoja wa kiti cha mbele, akipakata mfuko wa vitunguu. "Yakiamua kushuka hayana adabu."

Konda akaitikia, "Huko milimani hawana huruma na sisi, mama."

Nilivitazama viatu vyangu. Vilipotoka msituni vilikuwa na majani mawili tu yaliyogandia kisiginoni. Tope lote lile nililipata njiani, kuanzia pale miti ilipoishia.