Oscar saba, na Shinkolobwe hakuna aliyeitaja

Sherehe ya Oscar ilianza kuonekana kwetu Goma saa saba ya usiku, kuamkia Jumatatu tarehe 11 mwezi wa 3. Wenye courant walibaki macho, wengine waliona vipande asubuhi kwenye simu. Sisi tulikaa mpaka mwisho, karibu saa kumi na nusu, ju ya filamu moja: Oppenheimer, ile ya Christopher Nolan ya bomu ya atomiki. Iliingia na nafasi 13, ikatoka na sanamu 7, pamoja na ile ya filamu bora, ya Nolan mwenyewe na ya mchezaji mkuu, Cillian Murphy.

Kwanza sanamu yenyewe, maana mchimbaji hawezi kuona kitu kinachong'aa bila kuuliza kilo. Ina karibu kilo 4, urefu santimita 34. Si dhahabu mpaka ndani: ndani ni bronzi, yaani shaba na bati, dhahabu imepakwa juu tu. Négociant wa hapa angeikwangua kwanza kabla ya kutaja bei.

Filamu ni nzuri, hatukatai. Saa tatu zinapita bila kuchoka. Kuna pahali Oppenheimer anatia gololi ndani ya chombo cha kioo, kidogo kidogo, kuonyesha uranium imefika wapi. Hapo tuliulizana swali ambalo comptoir yoyote inauliza: jiwe limetoka wapi? Filamu haitupeleki huko.

Lilitoka Shinkolobwe, kule Katanga, upande wa Likasi. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1 000 New York mwaka 1940, zikalala ndani ya ghala pa Staten Island. Mwezi wa 9 mwaka 1942 koloneli wa Marekani, Kenneth Nichols, alimfuata ofisini, wakapatana. Mawe ya pale mengine yalifika asilimia 65. Ya Marekani na Canada hayakufika hata asilimia 1. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu iliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 ni ya Shinkolobwe.

Sengier naye alipata tuzo yake: medali ya serikali ya Marekani, mwaka 1946. Kuna hata jiwe linaloitwa sengierite, kwa jina lake. Na wale waliochimba, wakabeba kwa mikono? Majina yao hatujayaona pahali popote.

Si kwamba watu wa Hollywood hawajui kusema mambo ya vita. Murphy alitoa tuzo yake kwa wote wanaotafuta amani. Wengine walivaa alama nyekundu kifuani kwa ajili ya Gaza. Mstyslav Chernov, aliyeshinda kwa filamu yake ya Mariupol, alisema heri asingeitengeneza kamwe. Maneno yale yalitunyamazisha wote. Vita ilifika kando ya Sake mwezi wa 2 mwaka 2024, na watu wa Masisi walikuwa Bulengo na Lushagala chini ya mabâche. Tunajua anasema nini. Lakini jina la Congo tulilingoja usiku kucha, bule.

Léopards walifanya zaidi kwa dakika moja tarehe 7 mwezi wa 2, mbele ya kucheza na Côte d'Ivoire: mkono mmoja mdomoni, vidole viwili vya mwingine kichwani kama bunduki. Hakuna aliyewapa micro, na dunia iliona.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa zamani, ila watu walirudi kuchimba cobalt. Mwaka 2004 serikali ilikataza kabisa. Mwezi wa 7 wa mwaka uleule udongo ukaanguka, watu 8 wakafa. Hao pia hawamo ndani ya filamu yoyote iliyoshinda Oscar.

Goma kuna familia zilizotoka Katanga, tunawajua. Kama baba au babu yenu alifanya kazi Shinkolobwe, mutuletee jina lake, kazi yake na miaka aliyokuwa kule. Picha kama iko, mulete pia, tutairudisha. Tutayachapa yote hapa, jina kwa jina.