Sindano za Bawasiri: Fenoli na Shabu

Wagonjwa wengi wa bawasiri huvumilia kutoka damu kwa miaka kwa sababu huogopa kisu. Bawasiri ya ndani yaweza kutibiwa kwa sindano, ila sindano zenyewe hazilingani.

Ya zamani ni fenoli asilimia 5 katika mafuta ya lozi. Hudungwa chini ya utando wa puru, juu ya mpaka ambapo hisia za maumivu huanza, ndiyo maana mgonjwa hahitaji ganzi. Dawa huacha kovu, kovu hubana mishipa, na damu hukoma. Huwafaa wenye bawasiri ya daraja la kwanza na la pili. Kinyama kinachorudishwa ndani kwa kidole hakinufaiki sana, na damu huweza kurejea. Tena si sindano ya kuchezea: ikizama mno upande wa mbele kwa mwanamume, hujeruhi tezi dume.

Ya pili huchanganya shabu na tanini (si shabu ya dukani). Ilitokana na Xiaozhiling, dawa ya Kichina ya miaka ya 1970, ikaingia sokoni Japani mwaka 2005. Mgonjwa hutiwa ganzi, kisha kila kinyama hudungwa kwa hatua nne ili kishikamane mahali pake. Hivyo husaidia hata bawasiri itokayo nje ya njia ya haja, ambayo awali ilikuwa ya kukatwa. Hata hivyo, hurudi mara nyingi zaidi kuliko baada ya upasuaji, na mkono usiofunzwa huweza kuacha kidonda au kufanya puru kuwa nyembamba.

Bawasiri ya nje haidungwi dawa yoyote kati ya hizo. Na damu ichunguzwe kwanza, hasa kwa aliyevuka miaka 40, kwa kuwa saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu.