Kwa nini maji yauokoayo mrehani huua mshubiri

WAKAZI wengi wa mijini wasio na mashamba wala bustani wamezoea kuotesha mimea katika vyungu, ndoo kuukuu na makopo yanayopangwa barazani au kwenye roshani za maghorofa. Miongoni mwa mimea inayoonekana mara kwa mara mahali hapo ni mrehani, unaopendwa kwa harufu yake, na mshubiri, ambao wengi siku hizi huuita alovera.

Mara nyingi mimea hiyo miwili huwekwa bega kwa bega na kumwagiliwa kwa kopo moja, saa ile ile. Baada ya muda mmoja kati yake hufa. Ama mrehani hunyauka katika siku chache za jua kali, ama mshubiri huoza shina na kuanguka, huku mwenyewe akishangaa kwa kuwa hakuacha kuutunza hata siku moja.

Wapo wanaoamini kuwa tatizo ni mkono wa mpandaji. Ukweli ni kwamba mimea hiyo ina maumbile yanayopingana, hasa katika namna inavyotumia maji, na matunzo yanayoufaa mmoja ni maangamizi kwa mwingine.

Mrehani, ambao jina lake la kitaalamu ni Ocimum basilicum, ni wa ukoo mmoja na nanaa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki umetumika kwa miaka mingi kama kiungo cha manukato, na majani yake hufungwa pamoja na asumini katika vikuba wanavyovaa wanawake. Ni mmea wa nchi za joto, wenye majani laini na membamba yasiyo na akiba kubwa ya maji.

Mshubiri, yaani Aloe vera, asili yake ni milima mikavu ya kaskazini mwa Oman. Utomvu wake ndio uliowapa Waswahili msemo wa kitu kuwa kichungu kama shubiri. Majani yake ni manene, na ute mweupe uliomo ndani yake ni maji kwa takriban asilimia 99. Kwa maneno mengine, mshubiri hutembea na mtungi wake.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani kwa macho. Kila jani lina matundu madogo mno ambayo huingiza hewa ya ukaa, ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Matundu hayo yanapofunguka, maji nayo hutoka kama mvuke.

Mrehani hufungua matundu yake mchana, wakati jua linawaka na upepo ni mkavu. Hupata chakula kwa wingi na kukua kwa haraka, lakini hupoteza maji mengi, na usipoyapata tena kwenye udongo hulegea mara moja.

Mshubiri hufanya kinyume chake. Hufunga matundu yake mchana na kuyafungua usiku, wakati hewa imepoa. Hewa ya ukaa inayoingia usiku huhifadhiwa ndani ya majani ikiwa katika hali ya asidi, kisha hutumika kulipokucha bila ya mmea kulazimika kufungua matundu tena.

Dalili ya utaratibu huo ilielezwa mapema mwaka 1815, pale Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alipoandika kuwa majani ya mmea mwingine wa jamii ya mimea minene yalikuwa machachu asubuhi na kupoteza uchachu huo kadiri siku ilivyosonga. Ladha hiyo ilitokana na asidi iliyokusanywa usiku.

Utaratibu huo huuwezesha mshubiri kuishi kwa maji kidogo sana, ingawa una gharama yake: mmea hukua polepole. Mrehani huanza kuchumwa baada ya wiki sita hadi nane tangu kupandwa mbegu, ilhali mshubiri huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya majani yake kukomaa vizuri.

Kutokana na maumbile hayo, kanuni za umwagiliaji zinajieleza. Mrehani uliomo chunguni huhitaji udongo wenye unyevu wakati wote, na katika miezi ya joto huenda ukahitaji maji kila siku. Wakati mzuri ni asubuhi, na maji yamiminwe kwenye udongo badala ya majani ili kuepusha magonjwa ya ukungu.

Mshubiri hutosheka na maji mara moja katika wiki mbili au tatu, na kabla ya kuumwagilia tena ni lazima udongo uwe umekauka. Mizizi yake ikikaa katika tope hukosa hewa, hushambuliwa na kuvu na kuoza. Majani yakiwa membamba na kujikunja, mmea una kiu na utapona ukinyweshwa. Yakiwa laini na ya rangi ya kahawia kuanzia chini, umezidishiwa maji, na kuuokoa ni vigumu zaidi.

Udongo nao usiwe wa aina moja. Mrehani hupenda udongo wenye mboji au samadi iliyooza vizuri, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Mshubiri hupendelea udongo uliochanganywa na mchanga wa mto au changarawe, karibu nusu kwa nusu, katika chungu chenye tundu chini. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi yake.

Kwa upande wa mwanga, yote miwili hupenda mahali peupe. Mrehani huhitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mshubiri nao hustahimili jua, lakini ukitolewa ghafla ndani ya nyumba na kuwekwa juani majani yake hubadilika na kuwa mekundu au ya kahawia, hivyo yafaa uzoeshwe kidogo kidogo.

Hali ya hewa ya kila mji pia huamua mengi. Jijini Dar es Salaam mrehani hustawi kwa joto, lakini masika ya Machi hadi Mei ni kipindi cha hatari kwa mshubiri ulioachwa nje, na ni vyema ukahamishiwa chini ya paa. Jijini Nairobi, baridi ya Juni hadi Agosti hudumaza mrehani, na mahali pake ni ndani, karibu na dirisha lenye jua.

Uvunaji nao hutofautiana. Mrehani ukikatwa ncha huchipua matawi mapya, na maua yakiondolewa mapema majani huendelea kuwa mengi. Jani la mshubiri likikatwa halioti tena, kwa hiyo huchukuliwa la nje kabisa, lililokomaa, na mmea huongezwa kwa kupandikiza machipukizi yanayoota pembeni mwake.

Anayekata jani hilo aliache kwanza lichuruzike utomvu wa manjano ulio chini ya ganda. Utomvu huo huharisha kwa nguvu. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa za kulainisha choo zenye shubiri, zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, ziondolewe sokoni baada ya watengenezaji kushindwa kuwasilisha uthibitisho wa usalama wake.

Kipimo rahisi kwa mimea yote miwili ni kidole. Kikichomekwa hadi pingili ya kwanza katika chungu cha mrehani na kukuta ukavu, maji yanahitajika siku hiyo hiyo. Katika chungu cha mshubiri, ukavu wa kiasi hicho si sababu ya kunyanyua kopo. Kwa familia inayonunua maji kwa dumu, kuvitenganisha vyungu hivyo ni nafuu pia ya mfuko, kwa kuwa maji yanayouozesha mshubiri yangetosha kuuweka hai mrehani wa jirani yake.