Picha Haitoshi Kujua Umri wa Galaksi

Julai 2022, darubini ya anga za juu ya James Webb ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi, habari zilizagaa kwamba imeiona galaksi iliyokuwepo takriban miaka milioni 240 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Iliitwa CEERS-93316. Mwaka uliofuata mwanga wake ulichambuliwa, ikabainika kuwa ni ya baadaye mno: miaka bilioni 1.2 baada ya mwanzo.

Hakuna aliyedanganya. Ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake huvutika ukaelekea wekundu. Hidrojeni nayo humeza sehemu ya mwanga huo, hivyo galaksi ya kale hutoweka kwenye vichujio vya mawimbi mafupi na kuonekana kwenye vya mawimbi marefu. Tatizo ni kwamba galaksi ya karibu zaidi, yenye vumbi na gesi inayong'aa kwa nguvu, inaweza kuonekana vivyo hivyo pichani.

Ndiyo maana nakipenda chombo cha Webb kiitwacho NIRSpec. Kina vidirisha karibu robo milioni, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Wanafalaki hufungua vile tu vinavyoelekea galaksi wanazozitaka, mwanga ukapita na kutawanywa rangi kwa rangi.

Januari 2024 chombo hicho kilielekezwa kwa karibu saa kumi kwenye JADES-GS-z14-0, galaksi iliyotiliwa shaka kwa sababu pichani imebanana na nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Mwanga wake ulikatika ghafla kwenye mikromita 1.85 hivi. Mpaka huo, ulipotoka kwenye galaksi, ulikuwa kwenye mikromita 0.12, umevutika mara kumi na tano. Shaka ikaisha: tunaiona ilivyokuwa miaka isiyofika milioni 300 baada ya mwanzo.

Kisha, Machi 2025, timu mbili zilizotumia antena za ALMA, jangwani Atacama nchini Chile, zikatangaza kuwa zimekuta oksijeni humo. Hili ndilo lililonishangaza kuliko umbali wenyewe. Mlipuko Mkuu haukuacha oksijeni. Hutengenezwa ndani ya nyota, na nyota kubwa zinapolipuka husambaa angani. Maana yake, kabla ya mwanga huo kuanza safari, tayari kulikuwa na nyota zilizokwisha kuzaliwa, kuishi na kufa.